Utafiti wa utunzaji wa watu wazima: tuhesabu nini, na tuhesabu lini

Ripoti nyingi za utafiti kuhusu utunzaji wa wazee, watu wenye ulemavu na waliopata kiharusi huishia kwenye hesabu za makala na warsha. Hayo ni mazao, na yanathibitisha kwamba kazi ilifanyika. Athari ni kile kilichobadilika nje ya chuo: uamuzi wa ofisi, mwenendo wa wahudumu, au siku nzima ya mtu anayeogeshwa na kulishwa na wengine. Huku kwetu neno "athari" husikika kama madhara, na sioni haja ya kulikwepa. Utafiti unaweza kumwongezea mtunzaji mzigo bila kumpunguzia mgonjwa maumivu, na hilo nalo lipimwe.

Mazao hayahitaji muda mwingi. Kila makala iwe na DOI, yaani kitambulisho chake cha kudumu mtandaoni, na kila mtafiti awe na nambari yake ya utambulisho ya ORCID ya tarakimu 16, kwa sababu Mohamed, Mohammed na Muhammad huhesabiwa kama watu watatu. Kipimo cha jarida (impact factor) kisikupumbaze: ni wastani wa marejeo ya jarida zima kwa makala za miaka 2 iliyotangulia, wala hakisemi lolote kuhusu makala yako. Uingereza, ambako utafiti wa vyuo hupimwa kwa mfumo wa kitaifa uitwao REF, athari nje ya vyuo ilipewa asilimia 20 ya alama mwaka 2014, ikapanda hadi 25 mwaka 2021.

Kazi yenyewe iko kwenye kupima maisha ya mtu. Chombo ninachokipendelea ni ASCOT, hojaji ya ubora wa maisha ya mtu anayetunzwa, kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza. Kina vipengele 8: kujiamulia mambo ya kila siku, usafi wa mwili, chakula na vinywaji, usalama, kukaa na watu, kuwa na shughuli, hali ya makazi, na heshima. Kila kipengele kina ngazi 4, kuanzia hali anayoitamani mtu hadi uhitaji mkubwa. Uzuri wake ni kwamba hakiulizi ugonjwa umepona au la. Mtu aliyepooza upande mmoja huenda asipone, lakini siku yake yaweza kuwa njema zaidi.

Ukikichukua kama kilivyo ukakileta huku Mombasa, mitaa ya Likoni au Kisauni, kitakudanganya. Muulize bibi, mwanawe akiwa ameketi pembeni, "Je, unajiamulia mambo yako?" Atakujibu, "Alhamdulillahi, wananiangalia vizuri." Hilo ni jibu la adabu, na wote mtaani watapata ngazi ya juu. Uliza kitendo: jana nani aliamua uoge saa ngapi? Ukitaka kutoka ukae barazani, wamwambia nani, na huchukua muda gani? Na mahojiano yafanyike mkiwa wawili tu; anayemtunza ahojiwe kando, siku nyingine ikibidi.

Neno "heshima" nalo lina mtego. Wengi hulisikia kama kuamkiwa shikamoo, ilhali kipengele kinauliza namna unavyosaidiwa inakufanya ujioneje. Kwa usafi wa mwili, neno la pwani lililo karibu zaidi ni sitara: ukiogeshwa, unasitiriwa? Tafsiri ikikamilika, mtu mwingine airudishe kwa Kiingereza bila kuiona asili, kisha wapeni wazee 8 hadi 10 waeleze kila swali kwa maneno yao wenyewe. Hapo ndipo makosa hujitokeza.

ASCOT huuliza pia hali ingekuwaje bila msaada, ili kupata tofauti iliyoletwa na huduma. Ukiuliza hivyo moja kwa moja utajibiwa kwamba Mungu ndiye apangaye. Livunje swali: anayekusaidia asipokuja kesho asubuhi, nani atakuogesha? Nani atakupa dawa? Na jambo moja la hesabu: uzito wa vipengele ulitokana na maoni ya watu wa Uingereza. Usitoe alama moja ya jumla ukaiita ya Mombasa. Toa matokeo kipengele kwa kipengele.

Angalia kalenda na mfereji. Ukipima chakula mwezi wa Shaaban ukarudia katika Ramadhani, umepima mfungo. Usafi wa mwili hushuka wiki ambayo maji hayakutoka na mitungi ya lita 20 inanunuliwa kwa mkokoteni, kwa hiyo fomu iwe na nafasi ya kuandika maji yalipatikana vipi wiki hiyo.

Sasa tuseme umewafundisha jamaa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2, na vidonda vya kulalia vikapungua. Je, ni mafunzo yako? Huenda mhamasishaji wa afya ya jamii alianza kupita nyumba hizo hizo. Huenda pia wagonjwa wenye vidonda vibaya walifariki, wakabaki wenye nafuu: ukianza na watu 60 na mwisho ukapima 42, asilimia ya mwisho itapendeza hata kama hakuna lililobadilika. Andika wote 60 na kilichompata kila mmoja. Kisha sema utafiti wako ulichangia nini, kando ya sababu nyingine ulizozichunguza. Madai ya "tumesababisha" mimi siyaamini katika kazi ya nyumbani.

Kwa upande wa sera, kaunti ina tarehe zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye Bunge la Kaunti ifikapo 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili. Muhtasari wa kurasa 2 ukifika Mei umechelewa mwaka mzima. Nyaraka za kaunti mara nyingi ni kurasa zilizopigwa picha, hazitaji DOI, na programu zinazohesabu marejeo mtandaoni hazizioni. Lazima mtu azisome, pamoja na kumbukumbu za Bunge la Kaunti, akitafuta maneno yako na takwimu zako.

Fungua daftari la ushahidi siku ya kwanza ya mradi: tarehe, nani, aliamua nini, waraka gani, ukurasa gani. Ofisa akitumia matokeo yako, omba barua ndani ya siku 30, maana uhamisho ukimfika, anayeingia hatakuwa na la kuandika. Barua isemayo "utafiti huu ni mzuri sana" haina thamani ya ushahidi. Iombe ijibu mambo manne: uamuzi upi, lini, mlikuwa mkifanyaje kabla, na ni tokeo lipi hasa lililotumika.