Mzani wa kijiweni na mzani wa mahakamani

Kwenye kijiwe cha kahawa jirani na stendi ya Moshi, kesi za mirungi huhukumiwa kabla hakimu hajaamka. Mimi kazi yangu ni kubeba mafaili ya wakili, lakini nikipita tu naitwa: "Mwanasheria, njoo utuamulie." Basi nakaa, nachukua kashata, nabishana.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba kilo ni zile zilizotajwa siku ya kukamatwa. Si hivyo. Uzito unaotiwa maanani ni ule uliothibitishwa mahakamani, na shahidi mkuu hapo ni Mkemia wa Serikali: amepokea nini, kikiwa na lakiri (muhuri wa kufungia) gani, na mzani wake umesoma ngapi. Mirungi ina vituko vyake. Bunda likikamatwa usiku bado bichi, limefungwa kwenye majani ya mgomba, halina uzito ule ule likishanyauka. Tofauti ikijitokeza, upande wa mashtaka uieleze. Ukikaa kimya, wakili wa utetezi atauliza kama kiroba kilichofika maabara ndicho kile kilichotoka kwenye buti la gari. Kwa nini wang'ang'anie kilo? Kwa sababu chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, baada ya marekebisho ya 2017, kiwango ndicho kinachotenganisha miaka 30 na kifungo cha maisha.

"Mimi sikusafirisha, nilimwekea mtu tu." Hili huniuma, maana wengi wanaolisema wanaamini kweli wamejitetea. Kusafirisha, kwa maana ya sheria hii, si kupanda basi na mzigo. Kuhifadhi kumo, kuuza kumo, hata kumpa mwenzako. Na kwamba mirungi inauzwa hadharani kule Kenya hakukusaidii ukishavuka mpaka wa Holili.

Wapo wanaodai hakimu anaangalia bei ya mtaani. Wazee hawa hawajatunga. Sheria ya zamani, ya mwaka 1995, iliingiza thamani ya dawa kwenye hesabu ya faini. Ya sasa inauliza gramu na kilo.

Halafu kuna furaha ya "wameichoma, ushahidi hakuna!" Majani yanaoza, kwa hiyo mahakama inaweza kuamuru yateketezwe mapema. Kinachobaki ni sampuli, picha na orodha. Swali la maana ni kama mshtakiwa alikuwepo na alipewa nafasi ya kusema neno.

Juzi mzee mmoja akasema kinachopimwa popote duniani ni dawa tupu, vingine vyote vinatolewa. Nikamsimulia kesi ya Marekani ya mwaka 1991. Jamaa aliuza dozi 1,000 za LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone mauzauza, zilizofyonzwa kwenye karatasi. Dawa yenyewe ilikuwa kama miligramu 50, wakati sheria yao inataka gramu 1 ndipo mtu apate miaka mitano isiyopungua. Ila sheria hiyo inataja mchanganyiko wenye dawa, na Mahakama ya Juu ikasema karatasi nayo ipimwe. Zikawa gramu 5.7. Miaka miwili baadaye mwongozo wa adhabu ulilegezwa, kila dozi ikahesabiwa miligramu 0.4, lakini kwa ile miaka mitano ya lazima karatasi imebaki mzanini.

Mzee akashusha kikombe. "Yaani mjukuu wangu, aliyemfunga ni karatasi?"

"Ndiyo, babu. Karatasi."