Amepaliwa na maji baharini: usimkamue tumbo, usimlaze hotelini

Kupaliwa kwa muogeleaji mwenye mrija wa kupumulia hutokeaje?

Wimbi hufunika ncha ya mrija, au mdomo huuachia, au mtu huvuta pumzi kabla hajapuliza nje maji yaliyobaki ndani ya mrija. Akikohoa mara mbili tatu, akapumua vizuri na kuendelea kama kawaida, hapo pameisha. Lakini maji yakishuka mapafuni na kupumua kukaharibika, huko ni kuzama, hata kama hakufika chini na hata kama ametoka majini kwa miguu yake.

Tumemtoa, hajibu wala hapumui. Tumbonyeze tumbo maji yatoke?

Hapana. Usimbonyeze tumbo. Usimning'inize kichwa chini. Usimbebe begani ukakimbia naye ufukweni. Maji ya tumboni siyo yanayomuua. Anakufa kwa sababu ubongo na moyo vinakosa oksijeni, na hakuna tumbo litakalobonyezwa likaingiza oksijeni mwilini. Mnachokitoa kwa kumkamua ni matapishi, nayo hushuka kwenye mapafu ambayo tayari yameumia. Na dakika hizo mnazompindua na kumgeuza ndizo ubongo wake unazoharibika.

Sasa tufanye nini?

Mlaze chali mahali pagumu, mmoja apige simu ya dharura. Inua kidevu, rudisha kichwa nyuma kidogo, tazama kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Hapumui, au anatweta kwa nadra kama anayekata roho? Mzibe pua, mpulizie pumzi 5 mdomo kwa mdomo, kila moja ya takriban sekunde 1, ukiona kifua kinapanda. Aliyezama anaanziwa na pumzi kwa sababu kilichomwisha ni hewa.

Asipozinduka, weka viganja katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, bonyeza mara 30 kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2. Rudia bila kukatisha mpaka apumue au wahudumu wafike. Kwa mtoto, kina ni theluthi moja ya unene wa kifua.

Povu jeupe au la waridi litatoka mdomoni, tena kwa wingi. Usikae kulifuta na kulifuta. Litaendelea kuja, nawe endelea kupuliza. Akitapika, hapo mgeuze ubavu, toa matapishi kwa kidole, mrudishe chali. Ikipatikana mashine ya kushtua moyo, kausha kifua kwanza ndipo ubandike.

Anaongea, anakohoa tu. Si apumzike chumbani?

Hapana, na hili ndilo linalotuchosha. Anakohoa bado, basi aende hospitali leo. Anahema haraka, aende hospitali leo. Maji yaliyoingia huharibu utando laini unaovifanya vifuko vya hewa vibaki wazi. Vifuko vinasinyaa, majimaji ya mwili yanavujia ndani, na mtu aliyekuwa akicheka ufukweni mchana anaweza kuwa anahangaikia pumzi jioni. Hali ikizorota, kwa kawaida huonekana ndani ya saa 8 za mwanzo. Ndizo saa zilezile mnazomfunika shuka mkisema amechoka na safari.

Mtazame akiwa ametulia. Hesabu pumzi zake dakika nzima. Mtu mzima akizidi 20, kuna shida. Angalia ngozi katikati ya mbavu kama inaingia ndani kila anapovuta hewa, midomo kama inageuka buluu, na kama anachanganyikiwa au anasinzia ovyo. Usingizi wa namna hiyo si uchovu.

Tusubiri asubuhi tuone?

Hapana. Aliyezimia hata kidogo, aliyepuliziwa pumzi, au anayekohoa bado, hasubiri asubuhi. Njiani akae wima kama yuko macho, avuliwe nguo mbichi, afunikwe, asipewe maziwa wala soda. Hospitalini atapimwa oksijeni kidoleni, atasikilizwa mapafu, na mara nyingi ataangaliwa kwa saa kadhaa kabla ya kuruhusiwa. Waambieni alikaa chini ya maji muda gani, kama alizimia na kama alitapika.

Ni kweli mtu anaweza kufa ghafla baada ya wiki bila dalili yoyote?

Hapana. Asiyekuwa na kikohozi wala shida ya pumzi ndani ya saa hizo 8 hana haja ya kuishi kwa hofu.

Mtu hodari wa kuogelea naye huzama na mrija?

Ndiyo, hasa anayevuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzamia ili akae chini zaidi. Pumzi hizo hupunguza kaboni dioksaidi, ambayo ndiyo huusukuma mwili kutaka hewa. Oksijeni inaisha kabla hamu ya kupumua haijaja, naye anazimia kimya, uso ukielekea chini. Aliye juu anadhani anatazama samaki. Basi ogeleeni wawili wawili, mmoja abaki juu mwenzake anapozamia. Pumzi mbili za kawaida zinatosha. Ukihisi kukosa hewa ukiwa na mrija, utoe mdomoni, geuka chali, toka majini.