Je, wajua? Vile watoto wanne wanaandika ukurasa mmoja saa ile ile na maneno hayagongani

Juzi hapa Kisumu nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa la kompyuta, watoto wanne wa gredi ya 8 kila mmoja na mashine yake, wote wamefungua ukurasa mmoja wa Google Docs, ile programu ya kuandikia kwa intaneti, wanaandika ripoti ya gugumaji, lile jani la kijani linaloziba ziwa hadi boti za wavuvi pale Dunga zinashindwa kutoka. Mwalimu mwenzangu akaniuliza, sasa hawa wote wanaandika mahali pamoja, mbona huyu hamfutii yule? Nikaona hili swali linastahili kujibiwa vizuri.

Wengi wetu tunadhani kompyuta inatuma ukurasa wote kila mara. Ingekuwa hivyo wangefutiana kweli, kwa sababu ukurasa wa aliyetuma mwisho ndo ungebaki. Si unakumbuka ile ya flashi? Mtoto anaandika yake kwa saiba, mwenzake anaandika yake nyumbani, siku ya kuwasilisha mnajikuta na ripoti nne tofauti na hakuna anayejua ya kweli ni gani.

Kumbe kinachotumwa ni kile kitendo kidogo tu, weka herufi hii nafasi hii, futa herufi ile. Kinaenda kwa seva, ile kompyuta ya Google iliyoshika ukurasa wenyewe, seva inakipanga kwa foleni halafu inawatumia wengine. Shida inakuja watu wawili wakifanya kitu kabla habari ya mwenzake kufika, na nitakuonyesha na kile niliona kwa macho yangu.

Kichwa cha ripoti kilikuwa kimeandikwa "gugu la ziwani". Msichana mmoja akaona gugu peke yake haitoshi, akaongeza "maji" baada ya herufi ya nne. Wakati huo huo mvulana wa dirishani anataka iwe "ziwa" ndo aongeze Victoria, so anafuta "ni" ya mwisho. Hesabu ukiweka na nafasi zilizo wazi, hizo ni herufi ya 13 na ya 14. Lakini sasa herufi nne mpya zimeingia mbele yake! Seva ikifuata tu amri ya mvulana vile ilivyo, ifute ya 13 na ya 14, itafuta "zi" na mtabaki na "gugumaji la wani". Kwa hivyo inaigeuza kwanza, inasema huyu aliposema 13 na 14 hakuwa ameona zile nne za msichana, basi sasa ni 17 na 18. Ikafuta hapo, ikatoka "gugumaji la ziwa", na hakuna hata mmoja wao alijua kuna kazi imefanyika katikati.

Hii njia ya kugeuza amri ilielezwa 1989 na watafiti wawili, Clarence Ellis na Simon Gibbs. Huyu Ellis naomba nikae kwake kidogo maana watoto wetu wanafaa kumjua. Alikulia Chicago kwa familia isiyojiweza, na akiwa na miaka 15 alipata kazi ya kulinda kompyuta ya kampuni moja usiku, akiwa ameambiwa asiiguse, naye akawa anasoma vitabu vya maelezo yake usiku kucha hadi akaielewa. 1969 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamifu ya sayansi ya kompyuta. Baadaye sana alienda hata kufundisha chuo cha Ashesi kule Ghana. Niliwaambia wale watoto hii hadithi na darasa likanyamaza kabisa.

Sasa kwa sababu kila kitendo kinatumwa kivyake, kinaweza pia kuwekwa kivyake, na hapo ndo pana faida ambayo mimi naithamini kuliko zote. Ukurasa unakuwa na historia yake. Unafungua unaona nani aliandika aya gani, saa ngapi, nani alifuta. CBC, huu mtaala wetu wa shule, inataka mawasiliano na ushirikiano, ni umilisi wa kimsingi kabisa, lakini wewe mwalimu unaujuaje ukiletewa karatasi moja yenye majina manne na mwandiko mmoja? Kwa miaka mingi kuna mtoto alikuwa anafanya kazi yote na wengine wanaandikwa tu jina, na yule mpole mwenye wazo zuri hakuna aliyejua ni lake.

Na bando haliishi haraka vile watu wanaogopa, maandishi ni mepesi sana, hotspoti ya simu moja inatosha kikundi kizima, picha na video ndo zinakula. Stima ikipotea, kilichofika kwa seva kiko salama. Kama mnatumia simu au tableti, wekeni ile faili ipatikane bila intaneti mapema, kabla netiweki haijakata, ndo mtoto aendelee kuandika na mashine iunganishe ikirudi.

Kitu kimoja tu kinaharibu, na shule zetu nyingi ndo ziko hapo: watoto watano kwa kompyuta moja, akaunti moja. Hapo historia itaonyesha mtu mmoja tu ameandika kila kitu. Sisi tumewaambia kila mmoja akishika kibodi aanze na herufi mbili za majina yake, akimaliza ampishe mwenzake, na hizo herufi haziondolewi hadi mimi nisome.