Hivi kufurahia hobi yako ni kumwibia Mungu muda?

Mimi nafundisha Agano la Kale, na kuna swali halikosekani. Darasa likiisha kuna mtu atasubiri wenzake watoke ndio aje aniulize, tena kwa sauti ya chini kama anaungama dhambi nzito: mwalimu, mimi napenda sana kupiga gitaa (mwingine atasema kushona, mwingine kuchora, mwingine bustani yake), sasa huo muda wote si ningekuwa naomba?

Huwa namtuma akasome kitabu cha Mhubiri, na anashangaa, maana watu wengi Mhubiri wanakijua kwa mstari mmoja tu, ule wa ubatili mtupu. Ni kweli ubatili umejaa mle, ila ukisoma taratibu utakuta mwandishi anasimama karibu mara saba anasema jambo lile lile, kula, kunywa, ifurahie kazi yako, hicho ni kipawa cha Mungu. Yako sura ya 2:24, ya 3 mara mbili, ya 5:18, ya 8:15, ya 9:7 na ile ya 11 inayosema nuru ni tamu na macho yanapenda kuliona jua. Na anayeyasema haya ni mtu aliyejenga majumba, akapanda bustani, akakusanya fedha na dhahabu, akaleta na waimbaji, yaani alijaribu kila kitu halafu akaona hakuna faida chini ya jua.

Sasa ninapopapenda mimi kuliko pote ni pale sura ya 5 inapokutana na ya 6. Sura ya 5:19 kuna mtu kapewa mali na Mungu akampa pia uwezo wa kuila. Sura ya 6:2, mistari michache tu mbele, kuna mwingine kapewa mali na heshima, hakukosa chochote nafsi yake ilichotamani, ila uwezo wa kuifurahia hakupewa. Umeona? Kuwa na kitu ni zawadi moja, kukifurahia ni zawadi nyingine kabisa, na hii ya pili huwezi kuinunua wala kuitafuta kwa nguvu. Ndio maana unaweza kukuta mtu ana kila kitu na hana raha na hata yeye mwenyewe hajui kwa nini, na mwingine kikombe cha chai na dakika kumi za kimya zinamtosha akashukuru kabisa kutoka moyoni. Huyu wa pili usimuone hana maono bwana, pengine kapokea kitu ambacho wa kwanza bado anakitafuta.

Kuna watu wanadhani kujinyima ndio kiroho zaidi. Kufunga kupo na kuna nafasi yake, sibishi, lakini soma 1 Timotheo 4 uone Paulo anavyowaongelea waliokuwa wanakataza watu kuoa na kuwachagulia vyakula, hayo mafundisho anayaita ya mashetani, sio mimi ninayesema. Kwake yeye kila kitu alichokiumba Mungu ni kizuri kikipokewa kwa shukrani. Na sura ya 6:17 ya barua hiyo hiyo anawaonya matajiri wasiutumainie utajiri, na hapo hapo anasema Mungu hutupa vitu vyote kwa wingi ili tuvifurahie. Onyo na ruhusa viko kwenye sentensi moja.

Na kuhusu kipaji chako, umeshawahi kuangalia ni nani wa kwanza kwenye Biblia kuambiwa amejazwa Roho wa Mungu? Sio nabii wala kuhani, ni Bezaleli, Kutoka 31, fundi wa dhahabu na fedha na shaba, wa kukata mawe na kuchonga mbao. Ni kweli kazi yake ilikuwa ya hema la kukutania, lile hema la ibada la Waisraeli, kwa hiyo sisemi kila anayeshika patasi ni Bezaleli, ila Mungu anayemjaza fundi Roho ili achonge vizuri simuoni akikasirika kwa sababu wewe umekaa jioni unachonga.

Ila hobi inaweza kugeuka sanamu na dalili zake hazijifichi sana. Mtoto akikukatiza unawaka. Ukichora huangalii tena mchoro, unaangalia laiki. Ukikosa wiki moja tu unajiona si kitu. Agostino wa Hipo, askofu na mwalimu wa kanisa la kale, alishalifundisha hili zamani sana, kwamba shida sio kuvipenda vitu vizuri, shida ni kuvipenda bila mpangilio, cha chini kikakaa juu. Dawa sio kuchoma gitaa, dawa ni kulirudisha mahali pake.

Pia kuridhika watu hawazaliwi nako. Ule mstari wa Wafilipi 4:13 watu wanaoupenda kwa ushindi na mafanikio, rudi nyuma mistari miwili tu utaona Paulo anaongelea kushiba na kuona njaa, na anasema amejifunza kuwa radhi, tena akiwa kwenye minyororo. Amejifunza, maana yake kuna wakati hakuweza.

Na wewe ambaye ulikuwa unapenda kitu na sasa hata ukikishika husikii chochote, usikimbilie kusema imani imekufa. Eliya kwenye 1 Wafalme 19 alifika mahali akaomba afe, na malaika aliyekuja hakumhubiria, alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena, ndio safari ya Horebu, mlima wa Mungu, ikaanza. Kwa hiyo lala, kula, na hali ikiendelea wiki mbili tatu nenda kamuone daktari, maombi yanaweza kuendelea huku umeshachukua miadi.