Gesi ya sheli na viwanja vya viwanda vilivyokufa

Ukitaja gesi ya sheli, wengi hufikiria kisima. Mimi kazi yangu ni udongo uliochafuliwa na viwanda, kwa hiyo nafikiria vinavyokizunguka kisima: mabomba yatalazwa wapi, mchanga utashushwa kwenye reli ipi, na gesi ikishatoka itachakatwa kwenye uwanja wa nani. (Gesi hii si kama ile ya Songo Songo, ambayo imo ndani ya mwamba wa mchanga na hupita yenyewe. Sheli ni tope la kale lililogeuka jiwe. Bila kupasuliwa kwa maji yenye mchanga, yanayosukumwa kwa shinikizo kali, haitoi kitu cha maana.)

Magharibi mwa Pennsylvania, Marekani, ndiko gesi ya sheli na viwanda vilivyokufa vimekutana wazi zaidi. Chini kuna mwamba wa Marcellus, ulioanza kutoa gesi kwa mbinu hiyo katika Kaunti ya Washington mwaka 2004. Juu yake kuna viwanja vya chuma, makaa ya mawe na zinki vilivyofungwa. Kupasua kisima kimoja hula maji lita milioni 15 na zaidi, mbali na mchanga na mabomba ya chuma. Shughuli hiyo inataka uwanja mpana, reli, gati mtoni na umeme wa nguvu. Shamba la mahindi halina hivyo vyote. Kiwanda kilichokufa kinavyo.

Kinachomkimbiza mnunuzi wa uwanja kama huo ni kurithi sumu ya mwenzake. Sheria ya jimbo ya mwaka 1995, maarufu kama Act 2, ililegeza kamba hiyo. Unaweza kurudisha udongo katika hali ya kawaida ya eneo lile, au kufikia viwango vya afya vya jimbo zima, au kupima hatari ya uwanja wenyewe kulingana na matumizi yajayo. Ukitimiza kimojawapo, unaondolewa dhima.

Njia hiyo ya tatu ndiyo yenye mambo. Tunazamisha bomba la sampuli ardhini, tunalivuta, tunalilaza mezani na kulipasua kwa urefu. Juu kuna kifusi. Chini yake mavi ya chuma, yaani mabaki ya kuyeyushia chuma, meusi, mengine yaking'aa kama chupa iliyovunjika. Halafu mfinyanzi wa kijivu, na katikati yake mstari mwembamba unaonuka lami. Ingekuwa ni kujenga shule, tabaka hilo lote lingesombwa na malori. Kwa uwanja wa kuhifadhi mabomba hesabu ni nyingine: anayekanyaga pale ni mtu mzima mwenye buti, yupo saa za kazi tu, na maji ya kunywa yanatoka mjini. Basi tunatandika kitambaa cha alama cha kumwonya atakayechimba, tunashindilia kokoto au lami juu, na masharti yanaandikwa kwenye hati ya ardhi: usichimbe kupita kina hiki, usivute maji ya chini, usijenge makazi.

Kwa hiyo sumu haijaondoka. Imefunikwa.

Mfano mkubwa uko Monaca, Pennsylvania, kando ya Mto Ohio. Zinki iliyeyushwa pale kwa miongo mingi hadi 2014, na udongo ukabaki na risasi, aseniki na kadimiamu. Mwaka 2016 kampuni ya mafuta ya Shell iliamua kujenga papo hapo kiwanda cha kugeuza ethani, sehemu mojawapo ya gesi, kuwa plastiki, kikaanza kazi Novemba 2022. Udongo ulipata wa kuugharimia, lakini Mei 2023 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 10 hivi kwa kuchafua hewa kupita vibali vyake. Kule Youngstown, Ohio, mji ulioporomoka na chuma chake tangu 1977, gesi ilileta kiwanda kipya cha mabomba. Ilileta pia tetemeko la kipimo cha takriban 4, tarehe 31 Desemba 2011, lililohusishwa na kisima cha kusukumia majitaka ya gesi ardhini.

Hata hivyo, nikiambiwa nichague, naweka uwanja wa mabomba juu ya mavi ya chuma kabla ya kugusa shamba la mtu. Ugomvi wangu ni muda. Kampuni ya gesi iliyokodi uwanja ni mpangaji tu, inakaa hadi bei ishuke. Sharti la kwenye hati halina tarehe ya mwisho, na lami hupasuka. Ningekuwa diwani wa eneo hilo, nisingepitisha kibali kabla fedha za kukagua na kuziba mfuniko huo hazijawekwa kwenye akaunti ambayo mpangaji hawezi kuondoka nayo.