Cheti cha kuzaliwa si uraia, jamani

Juzi nimeambiwa tena, na safari hii na kiongozi mwenye mhuri mezani: "Dada, ukimwandikisha mtoto wa Mzambia umeshampa uraia." Hapana! Naandika hapa ili nikiulizwa tena nitume linki tu.

Usajili wa vizazi unataka kujua mtoto kazaliwa wapi. Kama ni Tanzania Bara, anasajiliwa, mama awe wa Uyole hapa Mbeya au wa Nakonde kule Zambia. Uraia una sheria yake, ya mwaka 1995, na wenye kazi hiyo ni Uhamiaji. Si mtendaji wa kata, wala si mimi wa ustawi wa jamii. Aliye chini ya miaka mitano cheti ni bure, kliniki au ofisi ya kata, na mpango huo uliingia mkoani Mbeya tangu 2013. Sisi ndio tungekuwa walimu wa wengine.

Kinachonikera zaidi ni huyo "mgeni" mwenyewe. Pale Tunduma, mpakani, mara nyingi ni Mnamwanga, kabila lililo pande zote mbili za mpaka, aliyeolewa na Mnamwanga mwenzake wa upande huu. Baba ni raia, kwa hiyo mtoto ni Mtanzania tayari, kabla hata ya kalamu kugusa fomu. Tunamnyima karatasi mtoto wetu wenyewe kwa kumwogopa mama yake! Halafu mtoto huyo akiwa binti na wakitaka kumwoza mapema, dawati la jinsia la polisi litauliza: ana umri gani? Tutaanza kuhesabu misimu ya mahindi.

Vikoba vinawapokea akina mama hawa vizuri, ila kikundi kikiomba mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, asiye raia hahesabiki. Waambieni mapema, msingoje fomu zifike.

Nisichokuwa na uhakika nacho ni huu "ushirikiano wa wadau" tunaousifu kwenye ripoti. Unaita kanisa, kikoba, wahudumu wa afya, mtendaji, polisi, wote meza moja. Mama asiye na kibali cha kuishi nchini anachungulia mlangoni, anageuza. Nitamlaumuje? Siku hizi nakutana na akina mama hao kliniki, siku ya kupima uzito, na mtendaji namfuata ofisini kwake baadaye, nikiwa na kadi za watoto mkononi. Wenzangu wanasema namweka kando mtendaji, mdau muhimu. Huenda ni kweli, na siku akikasirika akagoma kugonga mhuri sijui nitamwambia nini. Lakini kwa meza ile kubwa, kadi hizo nisingezipata.