Kwanini mkulima wa Rwanda ana bima ya afya ila muuza genge wa Dar hana?

Ukiuliza swali hili watu wanakujibu haraka, aah Rwanda ni kanchi kadogo ndo mana wameweza. Sawa, udogo unasaidia, ila Burundi nayo ni ndogo na haijafika huko. Hela nayo sio jibu, Kenya ina uchumi mkubwa kuliko Rwanda mara kadhaa na bado mama mboga kibao hawana bima. Rwanda zaidi ya watu 8 kati ya 10 wapo kwenye bima ya jamii, wenyewe wanaiita mituweli, na wengi wao ni wakulima wa jembe la mkono.

Walikotoka ni kubaya. Baada ya mauaji ya kimbari matibabu yalikuwa bure kwa hela za wafadhili, ilipofika 1996 ada zikarudishwa na watu wakaacha kwenda kutibiwa, wanaumwa wanakaa ndani. 1999 wakaanza majaribio kwenye wilaya tatu, halafu ikasambaa nchi nzima, na sheria iliyoanza kutumika 2008 ikasema bima ni lazima kwa kila mtu. Na hulipii kichwa kimoja, unalipia kaya yote, huwezi kumkatia bibi anayeumwa sukari ukawaacha vijana wazima.

Hapo kwenye kaya ndo penye siri, na ndo tunapokwama sisi. Chukulia kile chama chenu cha kufa na kuzikana pale mtaani, kingeruhusu mtu ajiunge wiki ambayo baba yake yuko mahututi, kingemaliza miezi mingapi? Hakifiki mwezi wa tatu. Sasa Tanzania tulikuwa na Toto Afya Kadi ya NHIF, mfuko wetu wa taifa wa bima ya afya, mtoto mmoja shilingi 50,400 kwa mwaka, bei nzuri tu, lakini ilikuwa ya hiari, kwahiyo mzazi mwenye mtoto mzima anasema ngoja kwanza, mwenye mtoto wa moyo au sikoseli anakimbilia dirishani siku hiyohiyo (na mimi ningekimbia, simlaumu mtu). Matumizi yakapita michango kwa mbali, 2023 mfuko ukasimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja. Watu walikasirika sana mitandaoni ila hesabu ndo ilikuwa hiyo. CHF iliyoboreshwa nayo, ule mfuko wa afya ya jamii, 30,000 kwa kaya ya watu 6, ilikuwa ya hiari vilevile, na ukiongeza habari za "dawa hakuna kanunue nje" unakuta mtu mwakani harudi kulipia.

Kwenye bei Rwanda walipita njia nyingine. 2011 waligawa watu kwa hali zao za maisha, maskini kabisa faranga 2,000 analipiwa, wengi wa katikati 3,000 kwa kichwa kwa mwaka, ambayo ilikuwa kama dola 5 hivi za wakati ule, wenye nacho 7,000. Ukifika kituo cha afya unaongeza faranga 200, hospitali asilimia 10 ya bili. Na wanaozungusha daftari sio maafisa wa mjini, ni viongozi wa kijiji na vikundi vya kuweka akiba vinavyoitwa ibimina, mnachanga kidogo kidogo mpaka kaya yote inatimia. Juu yao meya anasaini imihigo na Rais, ahadi za mwaka, na idadi ya wenye mituweli ni mojawapo. Meya akibanwa na yeye anabana huku chini, na kubanwa huko wapo wanaokulalamikia kweli, msidhani kila mtu analipa akicheka.

Kenya wao wameileta SHA, mamlaka yao mpya ya bima ya afya, Oktoba 2024 badala ya mfuko wao wa zamani ambao nao uliitwa NHIF. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 na hana pa kukimbilia. Ila fundi wa jua kali anabonyeza *147#, anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na mali zake, mfumo unampigia hesabu, halafu anatakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo! Mtu anayekula alichopata leo! Ndo mana waliojisajili ni mamilioni na wanaolipa kwenye sekta hiyo ni wachache, na serikali ikabidi ilete mpango wa mkopo, Lipa SHA Pole Pole.

Halafu kuna kitu wanaoisifia Rwanda huwa wanakiruka, michango ya wakulima peke yake haikutosha hata kule. Usimamizi ulihamishiwa mfuko wa hifadhi ya jamii 2015, na 2020 serikali ikaamua kila mfanyakazi akatwe asilimia 0.5 ya mshahara anaoubeba nyumbani iende mituweli, wakati yeye mwenyewe ana bima yake nyingine kabisa. Sisi Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote 2023, na swali ninalolisubiria mimi ni hilohilo, muuza genge akikosa hela mwezi wa nne, nani anamjazia na anakatwa wapi.